Mwalimu Mpya kwenye Dhifa ya Shule ya Kiyahudi

Haya niliyasema mbele ya walimu wenzangu kutoka Afrika Mashariki walioanza kazi mwaka huu katika shule za Kiyahudi za kaskazini mwa New Jersey na New York. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikapunguza marudio tu.

Wakubwa zangu mliokaa huku mbele, shikamooni. Wengine wote hamjambo, na poleni na baridi.

Nimeombwa niseme juu ya dhifa, ile karamu ya jioni ambayo shule huiandaa kila mwaka. Kaka mmoja pale mlangoni kaniuliza, "Dada, mimi nimekula harusi za watu tangu nina meno ya utotoni, leo nifundishwe kula?" Nimemwambia akae kwanza. Mimi nami nilikwenda na kichwa hicho hicho, miaka kumi na moja iliyopita, na usiku ule nikafanya makosa matatu kabla nyama haijafika mezani. Nitayataja yote, maana aibu yake imeshachakaa.

Tuanze na mwaliko. Utaukuta kwenye kisanduku chako pale ofisini: karatasi nene, majina ya wageni wa heshima kwa herufi za kupinda, ukumbi, saa, bei. Bei ndiyo itakayokushtua, maana mara nyingi huandikwa ya watu wawili, mke na mume, na huwa mamia ya dola. Usikimbie. Shule nyingi huwaalika walimu bure au kwa bei ndogo kabisa, ila hilo halichapwi kwenye kadi. Muulize karani siku hiyo hiyo, kimya kimya. Kisha ujibu. Kwetu mtu akialikwa anakuja, na akija anakuja na shangazi. Huku kiti kimehesabiwa, sahani imehesabiwa, na jina lako litatafutwa kwenye orodha mlangoni. Ukisema mmoja, njoo mmoja.

Sasa, mnajua kwa nini dhifa ipo? Mwaka wangu wa kwanza nilidhani ni sherehe. Marekani shule ya dini haiendeshwi na serikali kama shule ya umma. Katika majimbo yetu haya serikali husaidia mambo ya pembeni, kama basi na vitabu vya kiada, lakini mshahara wako kwa sehemu kubwa hautoki huko. Karo katika shule nyingi za eneo hili imevuka dola 20,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka, na familia za watoto wanne au watano si ajabu. Nyinyi wa hesabu nisaidieni: watoto watano ni zaidi ya laki moja. Baba ana kazi nzuri, mama ana kazi nzuri, na bado hawafiki. Kwa hiyo shule hupunguza karo kwa wengi bila kutangaza, na pengo linalobaki huzibwa kwa michango. Dhifa ni siku kubwa ya michango hiyo.

Yaani ni harambee. Mimi nimesoma Eldoret, na bati la darasa letu lilinunuliwa kwa harambee. Nakumbuka mgeni rasmi akisoma majina kwa kipaza sauti, huyu ng'ombe, huyu shilingi elfu moja, na yule asiye na kitu akileta yai, nalo yai linanadiwa mpaka linashinda bei ya kuku. Mama yangu ni wa Tanga, yeye aliijua kwa jina la mchango, na kadi, na kamati inayokupigia simu mpaka uchoke. Kwa hiyo msiende kule mkidhani mnaingia katika jambo geni. Geni ni adabu zake tu.

Na jambo lenyewe kwao ni la kale sana. Talmudi, kitabu chao kikubwa cha sheria na mijadala ya marabi, inamtaja kuhani mkuu Yehoshua ben Gamla, wa karne ya kwanza, kwamba ndiye aliyeamuru kila mji uwe na walimu wa watoto, waanze wakiwa na umri wa miaka sita au saba. Ukurasa huo huo unapanga idadi: watoto 25 kwa mwalimu mmoja, wakifika 40 apewe msaidizi, na mji ulipe, wakifika 50 wawe walimu wawili. Mimi niliyefundisha darasa la watoto 70 nilipoonyeshwa mstari huo nilicheka peke yangu. Lakini uone watu hawa wamekuwa wakibishana juu ya nani amlipe mwalimu kwa karibu miaka elfu mbili. Ule usiku wa dhifa ni mabishano hayo hayo yakiwa yamevaa suti.

Ndiyo maana nataka mniachie neno moja kabla sijafika kwenye uma na kisu. Kule hutakwenda kama mgeni, na hutakwenda kama mchangiaji. Wale wenye kutoa wametoka nyumbani kuja kuliona shamba, na shamba ni wewe. Picha za watoto zitaonyeshwa ukutani, sawa, lakini watoto wenyewe wako nyumbani wamelala. Kitu hai cha shule kitakachokuwa ukumbini ni walimu. Mwalimu akijificha pembeni na walimu wenzake, wakila haraka na kuondoka kabla ya hotuba, shamba halikuonekana. Karibu yote nitakayosema yanatoka hapo.

Siku. Haitakuwa Ijumaa jioni wala Jumamosi mchana, kwa sababu ya Sabato. Jumapili au katikati ya wiki ndizo siku za kawaida. Lakini majira ya baridi, jua likizama mapema, inaweza kuwa Jumamosi usiku. Hapo kuwa na akili: usipige simu Jumamosi alasiri kuuliza njia. Katika shule inayoshika Sabato hakuna atakayepokea. Uliza Alhamisi.

Nguo. Uliza kwanza shule yako ni ya mkondo gani, maana Wayahudi si kitu kimoja. Kuna Waorthodoksi, na ndani yao kuna walio wakali na wa kisasa; kuna Wakonsavativu, kuna Wareforma, na kuna shule zinazochanganya wote. Kwenye shule moja wanaume na wanawake watakaa meza moja, nyingine watatenganishwa kwa pazia. Mwanamke akienda na mikono ya nguo iliyopita kiwiko, sketi iliyopita goti na shingo iliyofungwa mpaka kwenye mtulinga, hatakosea popote. Mimi nilivaa kitenge, nikashonewa makusudi, na mpaka leo kuna mama ananiuliza kitenge kile kiko wapi. Wanaume, suti nyeusi au ya buluu iliyokolea, basi. Ukipewa ile kofia ndogo mlangoni, kippah, ivae. Usipopewa, usiende kununua.

Na kina dada, naomba niwanong'oneze. Wanawake wengi wa Kiorthodoksi walioolewa hufunika nywele zao, na wengi hufunika kwa wigi. Sisi wigi tunalijua tukiliona, na tunajua pia kunyamaza. Usimwambie mama wa mwanafunzi wako, "Nywele zako zimependeza, unasuka wapi?"

Mlangoni utakutana na ulinzi. Tangu watu 11 walipouawa katika sinagogi kule Pittsburgh, Oktoba 2018, na zaidi tangu shambulio la Hamas kule Israel, Oktoba 7, 2023, taasisi za Kiyahudi hazichezi na mlango. Walimu wa Nairobi hamhitaji kuelezwa hilo. Baada ya shambulio la duka la Westgate, 2013, tulizoea kufungua mkoba hata tukienda kununua mkate. Beba kitambulisho, fungua mkoba, msalimie mlinzi, usifanye mzaha.

Sasa kosa langu la kwanza. Rabi mkuu wa shule alikuwa amesimama pale anapokea watu. Mimi mtoto niliyelelewa vizuri, nikanyosha mkono wa kulia, wa kushoto nikaushika kiwiko, na magoti nikakunja kidogo. Mkono ukabaki hewani. Yeye akaweka kiganja kifuani, akainama, akatabasamu, akaniambia karibu sana, akataja hata darasa langu. Mimi nikaona nimedharauliwa, na nilikaa na donge hilo kama nusu saa, mpaka nikamkumbuka mjomba wangu wa Tanga, shehe, ambaye tangu nimekua hajawahi kunipa mkono, na sijawahi kudhani kwamba hanipendi. Ni kitu kile kile. Kwa wanaoshika sheria hiyo, mwanamume na mwanamke wasio wa nyumba moja hawagusani. Wengine, hata marabi, watakupa mkono bila shida. Kwa hiyo mngoje mwenzako: akitoa, toa, asipotoa, mkono kifuani, na sisi watu wa pwani ishara hiyo tunayo tayari.

Ukishaingia, kuna saa nzima ya vyakula vidogo kabla ya kuketi. Nasema vidogo kwa desturi tu, maana utakuta samaki, nyama za kukata, viazi, mboga, watu wamejipanga na visahani. Mgeni asiyejua hushiba hapo. Halafu saa mbili usiku anaitwa mezani, anawekewa supu, halafu kipande cha nyama kama kiatu. Onja, zunguka, ongea na watu. Hiyo ndiyo saa ya shamba kuonekana.

Usilete chakula. Najua mkono mtupu unatutia haya, lakini keki uliyoipika kwako haiwezi kuingia kwenye ukumbi wa kosher, yaani unaofuata sheria za Kiyahudi za chakula, hata kama sukari, unga na mayai ni vile vile wanavyonunua wao. Jiko lako, sufuria yako, tanuri lako, vyote vinaingia katika hesabu. Wataipokea kwa adabu, halafu watahangaika pa kuificha.

Na chai ya maziwa muisahau. Nyama na maziwa havikutani, na si kwenye sahani tu: baada ya nyama kuna wanaongoja muda wa saa sita kabla ya kugusa maziwa, wengine tatu, kila ukoo na desturi yake. Kahawa italetwa na kitu cheupe ambacho hakijawahi kumwona ng'ombe. Hata ile aiskrimu haina maziwa. Usimwite mhudumu kumwomba maziwa halisi. Mimi nimemwona mtu akifanya hivyo, meza nzima ikageuka.

Ndugu zangu Waislamu waliniuliza kabla ya kikao juu ya nyama ya kosher. Hilo nawaachia mashehe wenu. Juu ya pombe nawahakikishia hakuna atakayekulazimisha, na mhudumu akipita na chupa, kiganja juu ya glasi kinatosha.

Kosa la pili ndilo ninalolipenda. Kabla ya mkate watu waliinuka wakaenda kwenye beseni pembeni, kuna vikombe vikubwa vya mishiko miwili. Nikafurahi. Nikasema, watu hawa wananawa kama sisi! Si mnakumbuka nyumbani, mtoto wa kike anapita na birika na beseni, anawamiminia wageni maji mmoja mmoja? Basi nikajipanga na mimi. Mbele yangu alikuwa baba wa mwanafunzi wangu mmoja, mtu mcheshi sana, tulikuwa tumeongea vizuri dakika tano tu zilizopita. Akamimina maji mkono wa kulia, akabadilisha mshiko, akamimina wa kushoto, akakausha huku akisema maneno polepole. Alipogeuka nikamwuliza, "Na binti yako amepona mafua?" Akaniangalia. "Mm." Nikauliza tena, nikidhani hakusikia. "Mm-mm," akanyosha kidole kuelekea mezani, akaenda zake karibu anakimbia.

Nikajua nimeharibu kitu. Nikarudi kwenye kiti changu kama mwanafunzi aliyefukuzwa. Yule baba akakata mkate, akasema baraka, akatafuna, na mkate bado ukiwa mdomoni akanigeukia: "Amepona! Jana alirudi shule!" Kumbe kati ya kunawa na kuuma mkate mtu hasemi. Huo ni unawaji wa ibada, mikono inaweza kuwa safi kabisa na bado wananawa. Wewe usiye Myahudi hudaiwi kunawa; ukinawa si dhambi; ila usimsemeshe mtu aliyenawa. Mwisho wa chakula vilevile, kuna sala ndefu ya kushukuru, watu huchukua vijitabu vidogo na wengine huimba. Usiinuke katikati, usianze kukusanya mkoba. Kaa tu, na ukipewa kijitabu kipokee.

Kosa la tatu lilikuwa la divai, na hili hata walimu wa miaka mingi hawalijui. Kwenye meza yetu mzee mmoja alikuja na chupa yake nzuri, akaifungua, akaiweka katikati. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo mezani. Kwetu mdogo hangoji kuambiwa. Nikainua chupa, nikawamiminia wazee wote, nikaanza na yule mzee. Hakuna aliyesema neno. Mzee akanishukuru kwa upole kabisa. Lakini nikaona glasi yake imekaa, na ya jirani yake imekaa, na baada ya muda mhudumu akaja na chupa nyingine.

Mwalimu mwenzangu wa Kiebrania ndiye aliyenieleza kesho yake. Kwa Wayahudi wanaoshika sheria hii, divai iliyofunguliwa ikishikwa na kumiminwa na asiye Myahudi hainyweki tena. Asili yake ni zamani za masanamu, divai ilipokuwa ya kumwagia miungu. Kuna divai iliyopashwa moto, huitwa mevushal, ambayo hiyo haina shida hata nani akiimimina, na ndiyo wapishi wa dhifa hupenda kuitumia kwa ajili ya wahudumu wao. Chupa ya mzee haikuwa hiyo. Nilimharibia divai ya watu wanane, naye akanishukuru! Kwa hiyo mkono wa ukarimu mezani uweke chini. Sukuma kikapu cha mkate, pitisha maji, lakini chupa ya divai iache.

Katikati ya chakula unaweza kuona wanaume wanainuka kundi zima wanatoka. Usidhani kuna ugomvi. Ni sala ya jioni, wanahitaji watu kumi, wanaswali chumba cha pembeni na kurudi. Wengine wa kwetu mmeshaliona hilo kwenye harusi za Mombasa, adhana ikilia.

Sasa mazungumzo, ambako ndiko mwalimu huponea au kuzama. Mzazi atakuja na sahani mkononi: "Mwalimu, huyu wangu hesabu anaendeleaje?" Anauliza kwa sauti, mbele ya watu sita. Hata kama mtoto amepata alama kumi na mbili kwa mia, hapo si mahali pake. Na kudanganya usidanganye. Uwe umekwenda na kitu kimoja cha kweli na kizuri kuhusu kila mtoto: "Juzi alimsaidia mwenzake kuchora pembetatu, aliifuta mara tatu mpaka ikakaa." Mzazi anakumbuka pembetatu hiyo mwaka mzima. Halafu, "Yaliyobaki tukutane Jumatano." Mimi kila mwaka kabla ya dhifa hukaa na orodha yangu usiku mmoja nikaandika mstari mmoja kwa kila jina. Kuna majina ambayo mstari hauji upesi, nami siku zinazofuata huyaangalia zaidi darasani.

Usimtaje mtoto wa mwingine. Usiseme nani analipa karo nusu, hata kama umelijua kwa bahati mbaya. Usilalamikie mshahara, unaweza ukawa unamlalamikia mtu ambaye ameutoa mshahara wenyewe mfukoni mwake. Habari za Israel zitazungumzwa, na si kwa sauti moja. Wao wenyewe husema Wayahudi wawili, maoni matatu. Huyu ana mtoto jeshini kule, yule ana dada Haifa. Wewe sikiliza, uliza hali za watu wao, pole ikistahili itoe. Mwaka wa kwanza wa kazi si mwaka wa kutoa uamuzi juu ya mambo ya Mashariki ya Kati kwenye sahani ya mtu.

Kwenu pia watauliza. Mimi niliposema Eldoret, mzee mmoja, siyo yule wa divai, aliweka uma chini. "Eldoret ya Uasin Gishu? Basi nusura tuwe majirani." Nami sikujua alichokuwa akisema! Akanieleza. Mwaka 1903 Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa Wayahudi wazo la kukaa kwenye nyanda zile za Uasin Gishu, na Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao, akalipeleka wazo hilo kwenye mkutano wao wa Basel, Uswisi. Watu walilia ukumbini, maana walitaka nchi ya mababu zao. Tume ikatumwa kuangalia ardhi, na mwaka 1905 mkutano ukakataa. Wanaliita mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ni ile niliyochungia ng'ombe wa babu, ambayo wenyewe hakuna aliyewauliza, si kwa Wayahudi wala kwa walowezi waliokuja badala yao. Nilimwambia hivyo, kwa adabu. Mzee akakubali, akaagiza chai, ya rangi, tukaongea mpaka viti vikaanza kukunjwa. Someni hayo kabla ya kwenda. Someni pia kidogo juu ya Abayudaya, wale Waganda wa karibu na Mbale wanaoshika dini ya Kiyahudi, waliomfuata kiongozi wao Semei Kakungulu tangu 1919, mtaulizwa tu.

Fedha. Kwenye kila kiti au mlangoni utapata kitabu kikubwa cha pongezi na matangazo: ukurasa wa dhahabu, wa fedha, nusu ukurasa, mstari. Kila ukurasa una bei yake. Kichukue nyumbani ukisome, maana ndicho ramani ya jamii nzima; utajua nani ni babu wa nani, nani ana duka gani. Ila usikisome mezani ukilinganisha kurasa. Nilimwuliza yule mwalimu wa Kiebrania, je, Maimonides, yule mwanachuoni wao wa zamani, hakupanga ngazi nane za sadaka, na ile ya kumsaidia mtu ajitegemee akaiweka juu kabisa, na zile za kutoa bila kujulikana akazipandisha juu ya zile za kujulikana? Sasa kitabu hiki cha dhahabu cha nini? Akacheka, akasema jina la mtu mmoja huvuta jingine. Sawa na yai letu la mnada, nadhani. Binafsi bado naona wale wasiochapwa kitabuni ndio wanaonivutia zaidi.

Wewe hutarajiwi kutoa kitu kikubwa, pengine hutarajiwi kutoa chochote. Walimu wengi hujiunga wakatoa mstari mmoja wa pongezi kwa wageni wa heshima. Ukitaka kutoa chako, utashangaa hesabu zao: kumi na nane, thelathini na sita, mia na themanini. Mwaka wa kwanza nilipoona bahasha nikaambiwa hizo ni hesabu za "chai", maana kwa herufi za Kizungu wanaliandika c, h, a, i. Nikadhani wanachangia chai ya walimu! Nikaona ni wema sana. Kumbe latamkwa kwa kukwaruza koo, khai, na maana yake ni hai. Hai hii hii yetu, iliyotufikia sisi kwa njia ya Kiarabu na kubaki kwao kwa Kiebrania, maneno ya nyumba moja. Kwao kila herufi ina namba yake, na herufi mbili za neno hilo ni nane na kumi, jumla kumi na nane. Sadaka nayo hivyo hivyo: wao wanasema tzedakah, na shina lake kwao ni haki, hawaioni kama hisani ya mwenye nacho, wanaiona kama deni. Nikiwa na dola 18 ndani ya bahasha nilijisikia nimetoa kitu kinachoeleweka pande zote mbili.

Hotuba zitakuwa nyingi. Kaa. Piga makofi kwa wageni wa heshima, na ukipita karibu nao sema "mazal tov", yaani hongera, inatosha. Mwalimu akitajwa kwa jina, simama, inua mkono, keti. Na ukipewa kipaza sauti ghafla, nakuomba, usianze na "Bwana asifiwe". Midomo yetu imezoea. Mwaka mmoja nilishafika "Bwa", nikaigeuza kuwa "Bwana mwenyekiti". Sema asante kwa wazazi kukupa watoto wao, taja jambo moja la darasani, rudisha kipaza sauti.

Chakula kilichobaki usifunge. Kesho yake andika ujumbe mfupi wa shukrani kwa aliyekualika na kwa watu wa meza yako. Kama dhifa ilikuwa Alhamisi, utume Ijumaa asubuhi au ungoje Jumapili.

Nimeona mikono miwili pale nyuma, na wewe kaka wa mlangoni nakuona hujachukua karatasi. Maswali nayapokea, lakini kwanza mtu aniletee jagi la maji na lile beseni la jikoni. Nimekuja na kikombe cha mishiko miwili kwenye mkoba. Njoo wewe kaka, uliyekula harusi tangu meno ya utotoni, nikumiminie. Na ukishanawa, ole wako useme.